Kuvuta tela zito kwa pikapu Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye pikapu kama Hilux, Ranger, D-Max na Land Cruiser 79 wanaovuta matela ya mbao, viazi, mbolea, ng'ombe au mashine kati ya Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Mbeya na Kyela. Semitela zina taratibu zake na hazimo humu.

Tukubaliane kwanza majina. Resiva ni lile bomba la mraba lililofungwa kwenye chasisi nyuma ya gari. Ulimi ni chuma kinachoingia ndani ya resiva na kubeba gololi, yaani kichwa cha duara cha kuvutia. Shingo ni mbele ya tela, na kikombe ni pale mwisho wa shingo panapoikalia gololi.

Resiva yangu imeandikwa kilo 3,500. Kwa nini fundi ananikataza kuvuta zaidi ya 2,400?

Kwa sababu namba ile ni ya resiva peke yake. Mzigo unapita kwenye resiva, pini, ulimi, gololi, kikombe, ekseli na tairi za tela, halafu gari lenyewe, na kila kimoja kina kikomo chake. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Gololi ya kilo 1,600 kwenye resiva ya kilo 3,500 inakupa kilo 1,600.

Kikomo ambacho watu wengi hawakijui ni cha uzito wa pamoja: gari, abiria, mzigo wa bodi na tela lote kwa mara moja. Chukua mfano wa pikapu yenye kilo 2,000 ikiwa tupu, inayoruhusiwa kufika 3,000 ikiwa imepakia, na yenye kikomo cha pamoja cha 5,400. Ukiijaza hadi 3,000, tela linabakiwa na 2,400 tu, hata kama kitabu kinasema gari linavuta 3,500. Ukitaka kuvuta zaidi, shusha mzigo kwenye bodi. Tafuta namba hizi kwenye kitabu cha gari na kwenye kibao kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Usichukue namba za rafiki mwenye gari la jina hilohilo, maana injini, giaboksi na mwaka hubadilisha kila kitu.

Nitajuaje uzito halisi wa tela langu?

Lipime. Kukadiria kwa macho kunadanganya sana kwa mizigo ya huku, na mkosaji wa kwanza ni lumbesa. Gunia la viazi linaloitwa la kilo 100, likishafungwa kilemba juu, linaweza kuzidi hapo kwa kilo nyingi. Magunia 20 ya namna hiyo siyo tani 2. Pima matatu au manne kwenye mizani ya sokoni, chukua wastani, zidisha.

Mbao nazo zinategemea maji. Ubao wa paini wa 2 kwa 4 wenye futi 12, uliopasuliwa kwa vipimo kamili, una ujazo wa karibu mita za ujazo 0.019. Ukikauka vizuri una kilo 9 hivi, ukiwa mbichi kutoka kwenye msumeno unaweza kufika 15 au 16. Kwa hiyo mbao 100 ni kilo 900 au ni kilo 1,600, na kwa macho mzigo ni uleule. Anayepakia Mafinga wakati wa masika ahesabu mbichi.

Mengine ni rahisi: mfuko wa saruji au mbolea kilo 50, lita 1,000 za maji kilo 1,000, mchanga kiasi cha tani 1.5 kwa mita moja ya ujazo na zaidi ukilowa. Halafu ongeza tela tupu. Tela la fundi wa mtaani lililochomelewa kwa chuma kinene mara nyingi ni zito kuliko mwenyewe anavyodhani.

Kwenye gololi panatakiwa kukaa uzito kiasi gani?

Kwa tela linalovutwa na gololi, kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 2,000 liibonyeze gololi kwa kilo 200 hadi 300. Lakini angalia kibao cha resiva: kama kinataja kikomo cha kubonyeza, tuseme kilo 250, hicho hakivukwi. Mzigo ukikulazimisha kukivuka, tela ni zito mno kwa gari hilo.

Uzito ukiwa mdogo, tela hupiga mkia, yaani huyumba kushoto na kulia. Ukiwa mkubwa, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele zinapoteza nguvu ya kufunga breki. Hesabu yake ni ya wenzo. Ikiwa gololi iko mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma na kati ya ekseli mbili za gari kuna mita 3.1, kilo 200 kwenye gololi zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 284 na kuipunguzia ya mbele kilo 84. Ndiyo maana kuongeza urefu wa ulimi ili mlango wa nyuma ufunguke vizuri ni wazo baya.

Kupima hakuhitaji mtambo. Mizani ya bafuni inatosha ukiigawanyia mzigo. Tela likiwa limepakiwa, limesimama sakafu tambarare na kuwekewa kabari, tafuta ubao mgumu. Upande mmoja uegemee tofali lenye kipande cha bomba juu yake, upande wa pili uegemee mizani yenye kipande kingine cha bomba. Shusha shingo juu ya ubao mahali palipo futi 1 kutoka kwenye bomba la tofali na futi 2 kutoka kwenye bomba la mizani. Soma mizani, toa ilichosoma ubao ulipokuwa mtupu, zidisha kwa 3. Shingo iwe kwenye kimo kilekile inachokaa ikiwa kwenye gari, vinginevyo jibu litapotoka.

Ukikosa mizani, pima kwa futi kamba kimo cha upinde wa tairi ya mbele kabla na baada ya kufunga tela. Ukinyanyuka zaidi ya sentimita 2 au 3, sogeza mzigo nyuma kidogo. Usiurudishe wote nyuma ya ekseli kwa hasira.

Gololi zote si zinafanana?

Hazifanani, na tofauti ndogo ndiyo inayoua. Utakutana na inchi 1⅞ (milimita 47.6), milimita 50, inchi 2 (milimita 50.8) na inchi 2 5/16 (milimita 58.7). Gololi ya 1⅞ ikiingia kwenye kikombe cha 50 itafunga, itaonekana sawa, na kwenye tuta la kwanza kubwa inaweza kuchomoka. Kipimo kimechongwa juu ya gololi na kwenye kikombe. Kikiwa kimefutika, tumia kalipa. Gololi iliyolika upande mmoja au yenye ukingo mkali, tupa.

Nati ya chini nayo ina kipimo cha kukaza. Shina la inchi ¾ hukazwa kiasi cha Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 215, la inchi 1 kiasi cha Nm 340, la inchi 1¼ kiasi cha Nm 610, mtengenezaji akitaja tofauti mfuate yeye. Kukaza kwa spana ya kawaida na kipande cha bomba ni kubahatisha. Na shina lijae kwenye tundu la ulimi: shina la ¾ kwenye tundu la inchi 1 bila bushi litacheza mpaka likatike.

Ulimi uwe na urefu gani wa kushuka?

Ule unaofanya tela lililopakiwa likae sambamba na ardhi. Pima ardhi hadi juu ya mdomo wa resiva, kisha ardhi hadi chini ya kikombe tela likiwa limelala sawa. Tofauti hiyo ndiyo kushuka kwa ulimi unaouhitaji. Pikapu zilizoinuliwa springi hudai ulimi wa kushuka sana, na watu hununua ulionyooka kwa kuwa ni rahisi kupata. Matokeo yake tela linaelekeza pua juu. Kwa lenye ekseli mbili ina maana ekseli ya nyuma inabeba karibu kila kitu.

Resiva ya inchi 2 hutumia pini ya inchi ⅝, yaani milimita 16 hivi. Msumari wa ujenzi au bolti iliyookotwa siyo pini. Weka na klipu yake.

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea resiva?

Anaweza kutengeneza chuma kinachofanana nayo. Swali ni kinashika wapi. Resiva hufungwa kwenye reli mbili za chasisi, kwa bolti za daraja 8.8 au 10.9, kwenye matundu yaliyopo pale inapowezekana. Bolti ya M12 ya 8.8 hukazwa kwenye Nm 85 hivi. Haifungwi kwenye bampa. Bampa la nyuma lenye tundu la gololi lililokuja na pikapu za zamani linatosha kwa kigari chepesi, siyo kwa tela la tani 2.

Makosa tunayoyaona zaidi ni bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 3 linalopanuka mdomoni, weldi iliyokaa juu bila kuingia ndani, na moto kuchomwa moja kwa moja kwenye reli ya chasisi, ambayo hudhoofika na kupasuka pembeni ya weldi baada ya miezi ya barabara ya vumbi. Lile bomba bovu utalijua mapema: ulimi unaoingia kwa kulegea mno, na mstari mwembamba wa kutu unaotokea kwenye rangi pale weldi inapokutana na bati. Mstari huo ni ufa. Acha kuvuta siku hiyohiyo.

Minyororo ya usalama inafungwaje?

Miwili, ikipishana chini ya shingo kama alama ya X, ili kikombe kikichomoka shingo idondokee juu yake badala ya kuchimba lami. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona kali, isiwe mirefu ya kuburuta. Ikiwa mirefu, fupisha kwa pingu, usiisokote: mnyororo uliosokotwa unapoteza nguvu. Mnyororo na pingu zake vibebe uzito wote wa tela. Ndoano zisizo na kifungio huruka kwenye matuta, na kati ya Igawa na Mbeya matuta hayana uhaba.

Waya wa dharura, ule unaofunga breki za tela likiachana na gari, unafungwa kwenye chasisi ya gari. Usiufunge kwenye mnyororo wala kwenye ulimi, maana ulimi ukitoka na tela, waya nao unaondoka bila kuvutwa.

Nifunge tela kwa mpangilio gani?

Weka kabari kwenye tairi za tela. Rudisha gari polepole hadi gololi iwe chini ya kikombe. Shusha kwa jeki, funga komeo, tia pini ya komeo. Sasa ipandishe jeki tena hadi nyuma ya gari inyanyuke sentimita chache: kikombe kikibaki na gololi, kimeshika. Wengi hugonga komeo kwa nyundo na kuondoka, na hapo ndipo gololi inakuwa imekaliwa, haijashikwa. Baada ya hapo minyororo, waya wa dharura, plagi ya taa, pandisha jeki hadi mwisho, toa kabari, jaribu breki ndani ya mita 50 za kwanza. Simama tena baada ya kilomita 50 hadi 80 ukaze nati za tairi, hasa kama tairi ilifunguliwa karibuni.

Tela lisilo na breki ni la uzito gani?

Watengenezaji wengi wa pikapu wanaweka kikomo cha kilo 750. Zaidi ya hapo tela liwe na breki zake, kwenye ekseli zote likiwa na ekseli mbili. Hapa kwetu matela ya tani 2 yasiyo na breki ni mengi barabarani, na hoja ni kwamba gari lina nguvu. Nguvu ya kuvuta ipo. Ya kusimamisha ndiyo haipo, na milima yetu inadai ya pili.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Breki za msukumo hufanya kazi tela linapoisukuma gololi: shingo inaingia ndani, fimbo inavuta kebo, liningi zinabana dramu. Ni nafuu na hazihitaji umeme. Kasoro yake ni mbili. Ukirudi nyuma kupanda mlima zinajifunga, isipokuwa ziwe na mfumo wa kujiachia au ubane kizuizi kwa mkono (ukakumbuke kukitoa). Na kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zinabana muda wote na kuchemka hata kama wewe hujagusa pedali.

Breki za umeme hutumia sumaku ndani ya dramu na kisanduku cha kudhibiti kwenye kebini. Kila sumaku hula karibu ampea 3, kwa hiyo waya mwembamba wa taa haufai. Kuziseti: nenda kilomita 30 hadi 40 kwa saa mahali patupu na tambarare, sukuma kitufe cha mkono, ongeza nguvu mpaka tairi za tela zikaribie kujifunga, rudisha kidogo. Seti upya kila uzito unapobadilika sana. Ukilishusha zigo Makambako na kurudi mtupu kwa seti ileile, tairi zitaburuta na kulika vipande.

Nishukeje Kitonga, Mlima Nyoka, au kutoka Isyonje kwenda Tukuyu na Kyela?

Hesabu moja inaeleza yote. Gari na tela vyenye tani 6 kwa pamoja, vikishuka mita 1,000 za kimo, vinatoa nishati inayotosha kuchemsha maji ya madumu 8 ya lita 20. Upepo na msuguano wa tairi vinachukua sehemu, injini sehemu, kilichobaki chote kinaingia kwenye breki. Kutoka kwenye vilele vya Uporoto hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,000.

Kwa hiyo gia inachaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Tumia ileile ambayo ungepandia, na mara nyingi ni ya pili au ya tatu. Injini ilie kwa mizunguko ya juu bila kufika kwenye alama nyekundu. Kwenye otomatiki zima ovadraivu na uweke 2, L au hali ya kuchagua gia kwa mkono. D peke yake itapandisha gia ikudanganye. Kutia nyutro ili kuokoa mafuta ni kukabidhi tani 6 kwa breki peke yake.

Usikanyage pedali kwa wepesi muda mrefu. Acha mwendo upande hadi kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi upungue kilomita 10 kwa saa, achia kabisa, breki zipumue. Ukiona unalazimika kukanyaga kila baada ya sekunde chache, gia ni kubwa mno: simama ukiwa bado unaweza, kisha anza na gia ya chini zaidi.

Dalili za breki kuchoka: harufu kali ya liningi, moshi kwenye magurudumu, pedali inayokwenda mbali zaidi. Pedali ikiwa laini kama sponji, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155. Wanaovuta huku tunawashauri DOT 4 na kuibadilisha kila mwaka. Ukisimama na dramu za moto, usimwage maji, zitapasuka. Weka gia na kabari, subiri nusu saa.

Kitonga ina kona kali na malori yanayotambaa. Usijaribu kulipita lori kwa sababu tu dereva wake amekuwashia indiketa. Kwa urefu wako na tela unahitaji nafasi karibu mara mbili ya ile uliyozoea. Wakati wa ukungu, ambao Njombe na Isyonje wanaujua vizuri, washa taa za chini. Za juu zinakurudishia mwanga machoni.

Mbona gari langu linachemka likipanda, na tambarare halina tatizo?

Injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700, kwa hiyo 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2 isiyo na taabo, inafika hapo ikiwa imepungukiwa kama asilimia 17. Dereva anakandamiza zaidi, mwendo ni mdogo, upepo wa kupoza rejeta nao mdogo. Injini zenye taabo haziathiriki sana kwa nguvu, ila joto la hewa inayobanwa hupanda.

Shusha gia mapema, zima AC, acha mizunguko iwe ya wastani. Sindano ikipanda, washa hita na feni yake juu kabisa, kisha simama pembeni na uiache injini iungurume bila mzigo dakika chache kabla ya kuizima, hasa yenye taabo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa ya moto. Ikitokea kila safari, angalia majani na matope kati ya rejeta na kondensa kabla ya kununua rejeta mpya.

Tela likianza kupiga mkia nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka bila kulifuata tela, usikanyage breki za gari. Ukiwa na kisanduku cha breki za umeme, sukuma kitufe cha mkono ili tela peke yake livute nyuma. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha" kunafanya kazi mara chache na kuua mara nyingi.

Likitulia, simama utafute sababu. Karibu kila mara ni mzigo uliokaa nyuma ya ekseli, upepo mdogo kwenye tairi, au mwendo. Mabasi yanayopita kwa kasi kwenye tambarare za Chimala na Igurusi yanaanzisha tu kile ambacho upakiaji ulishakiandaa. Zaidi ya kilomita 80 kwa saa hatuoni sababu ya kwenda na tela zito popote.

Tairi na beringi?

Soma ubavu wa tairi. 195R14C yenye alama 106/104 inabeba kilo 950 ikiwa peke yake kila upande. Tela la ekseli moja lenye tairi 2 hizo linaishia kilo 1,900, na humo uzito wa tela tupu umo. Nyingi za daraja hilo zinajazwa hadi PSI 65 zikiwa baridi, fuata kilichoandikwa. Ukitoka Makete alfajiri na kufika Kyela mchana, upepo utakuwa umepanda kwa joto. Usiupunguze, ulipimwa baridi. Angalia na namba 4 za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu. Tairi za tela huzeeka zikiwa zimesimama.

Beringi: kila ukisimama, gusa kapi (habu, kitovu cha gurudumu) kwa mgongo wa kiganja. Yenye joto la kawaida ni sawa, isiyogusika inaungua. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hiyo ndiyo ya kufungua. Fungua, osha na pakaa grisi upya mara moja kwa mwaka, na mara tu baada ya tela kuzama majini. Kapi la moto likiingia kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili.

Taa zinawaka vibaya: nikiwasha indiketa, taa zote zinapepesa.

Ethi mbovu, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye gari. Matatizo mengi ya taa za tela yanaishia hapo. Safisha chuma, funga waya wa ethi moja kwa moja hadi kwenye plagi, usitegemee gololi ipitishe umeme.

Plagi ya duara yenye pini 7 hufungwa hivi: 1 indiketa ya kushoto (njano), 2 taa ya ukungu (bluu), 3 ethi (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ndogo ya kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ndogo ya kushoto (nyeusi). Pikapu iliyotoka Marekani huja na plagi ya pini bapa, mpangilio wake ni mwingine, tafuta adapta. Na tela la volti 12 likichomekwa kwenye gari la volti 24, balbu zinaondoka zote.

Nivute tela la pawatila au la trekta kwa pikapu, ni karibu tu?

Hapana. Mengi hayana springi, hayana breki, na yalitengenezwa kwa mwendo wa shambani.

Polisi na mizani je?

Tela lina usajili wake, namba yake na kadi yake. Liwe na viakisi nyuma na ubavuni. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, na pikapu yenye tela hufika hapo haraka. Ingia mizani Wenda, Makambako, Uyole au Mpemba. Ila usichukue ruhusa ya kupita kuwa cheti cha usalama: mizani inalinda barabara, na mipaka yake kwa ekseli ni ya tani nyingi ambazo pikapu haifiki. Itumie kujua uzito wako, halafu ulinganishe na kibao cha gari.

Nikiharibikiwa mlimani?

Kabari kwanza, ukiwa bado umekanyaga breki, awepo mtu wa kuziweka. Beba zako 2 za mbao ngumu au chuma, zifungwe kwa kamba ili usiondoke ukaziacha. Mawe yanayobaki katikati ya barabara baada ya gari kutengemaa yanamsubiri mwenye pikipiki usiku. Pembe tatu za kuakisi ziwe mbali, na kwenye kona ziwe kabla ya kona. Matawi ya miti yasaidie, yasichukue nafasi yake. Usikate tela kwenye gari ukiwa kwenye mteremko kabla ya kabari kukaa.

Vibarua wanaweza kukaa ndani ya tela pamoja na mzigo?

Hapana, hata kwa kilomita 3 za kutoka shambani. Wakae kwenye viti vya kebini, na uzito wao uhesabiwe kwenye ule wa gari. Wakizidi viti, warudie safari ya pili.